Hitilafu Inayojirudia: Kutafuta Chanzo cha Kompyuta Kuzimika, na Namna ya Kuufundisha Utafutaji Huo

Utangulizi

Mwalimu wa shule ya msingi hawezi leo kuikwepa kompyuta. Azimio la kazi, andalio la somo, mitihani ya majaribio na alama za wanafunzi aghalabu huandikwa na kutunzwa humo. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu ili viwasaidie kazini. Wapo pia walimu ambao, kwa juhudi zao wenyewe, wamenunua kompyuta za mezani zilizokwisha tumika na kuziweka nyumbani. Lakini ujuzi wa kutumia chombo umetangulia ujuzi wa kukitunza. Mashine inapozimika katikati ya kazi, si mara moja bali kila siku, mwenyewe huiwasha tena, huipiga kofi ubavuni, kisha humtafuta mtu wa kulaumu.

Hasara ya jambo hili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwanza, hupotea kazi: alama za darasa zima zilizoingizwa usiku kucha hutoweka kwa nukta moja. Pili, hupotea fedha, kwa kuwa mtu asiyejua chanzo hununua vipuri kwa kubahatisha. Tatu, na hili ndilo linalotuhusu zaidi sisi walimu, hupotea haki ya mtoto. Mtoto aliyekuwa ameshika kipanya dakika ile mashine ilipozimika ndiye anayebebeshwa hatia na kufukuzwa, na pengine haikaribii tena. Shuleni mambo ni hayo hayo: kompyuta ya msaada hufunikwa kitambaa na kufungiwa ofisini, na darasa zima hukosa kujifunza kwa sababu ya hitilafu ambayo hakuna aliyeichunguza.

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia ya kuchunguza hitilafu ya namna hiyo. Njia yenyewe haihitaji shahada ya uhandisi. Yahitaji daftari, saa, subira na kanuni moja, nayo ni hii: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mwishoni tutaonyesha jinsi mwalimu awezavyo kuifundisha njia hiyo hata katika shule isiyo na kompyuta.

Hitilafu inayojirudia ni shahidi

Mashine ikizimika mara moja tu katika mwaka, si rahisi kujua sababu yake, wala pengine haina haja. Ikizimika kila siku, mambo hubadilika. Kila mara inapozimika huacha habari: ilikuwa saa ngapi, kazi gani ilikuwa ikifanyika, kioo kilionyesha nini, na nini kilikuwa kikitendeka chumbani na nje ya nyumba. Habari moja haitoshi. Habari kumi zikipangwa pamoja hufanya mwenendo, na mwenendo ndio unaomwelekeza mchunguzi. Kwa hiyo hitilafu inayojirudia, ingawa inaudhi, ni rahisi kuitafuta kuliko ile inayotokea mara moja na kutoweka.

Wataalamu wa mwanzo wa kompyuta walilijua jambo hili. Tarehe 9 Septemba 1947, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wahudumu wa mashine iliyoitwa Mark II walimkuta nondo amenaswa ndani ya swichi mojawapo. Walimbandika nondo huyo katika daftari la kazi, wakaandika saa na nambari ya swichi, ambayo ilikuwa 70. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya taifa huko Marekani hadi leo. Watu wengi hukisimulia kisa hiki kwa ajili ya kuchekesha. Mwalimu hana budi kuona jambo la pili lililomo: walikuwa na daftari, na walikuwa na desturi ya kuliandika.

Kutofautisha dalili

Mtu aendaye zahanati na kusema "naumwa" hajamsaidia tabibu. Hali kadhalika, mtu asemaye "kompyuta imekufa" hajasema kitu. Kabla ya kuandika lolote, yapasa tuzitenge dalili, kwa maana kila moja huelekea upande wake.

(a) Kuzimika ghafla. Taa zote za mashine huzima kana kwamba mtu amechomoa waya, wala hakuna maandishi yoyote kiooni. Dalili hii huelekeza kwanza kwenye umeme: soketi, ekstensheni, waya, au kile kisanduku cha ndani kinachogawa umeme ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Joto kali nalo laweza kuileta, kwani mashine nyingi hujizima zenyewe ili zisiungue.

(b) Kuganda. Picha hubaki kiooni, lakini kipanya hakiendi na vitufe havijibu. Hapa twashuku joto, kumbukumbu, diski au programu.

(c) Kioo chenye maandishi ya hitilafu. Katika kompyuta za Windows kioo hiki kimekuwa cha bluu kwa miaka mingi. Mwaka 2025 kampuni ya Microsoft ilianza kukibadili kuwa cheusi katika Windows 11. Huonyesha jina au nambari ya hitilafu. Nambari hiyo iandikwe kama ilivyo, maana ina maana. Mathalani, 0x1A yahusu utunzaji wa kumbukumbu, na 0x124 yaonyesha kuwa mashine imegundua kasoro katika vyombo vyenyewe, si katika programu.

(d) Kujiwasha upya. Mashine huzimika na kuwaka tena yenyewe. Mara nyingi hii ni dalili (c) iliyojificha, kwa kuwa Windows imepangwa tangu kiwandani ijiwashe upya mara baada ya hitilafu kubwa, hata mwenyewe asipate kusoma kitu. Mpango huo waweza kuondolewa katika mipangilio ya mfumo, na kuuondoa ndiyo hatua ya kwanza ya mchunguzi anayeiona dalili hii.

(e) Programu moja kujifunga. Mashine yenyewe haina neno. Ni programu moja tu inayofunga kila inapofunguliwa. Hapo hakuna haja ya kugusa vyombo. Shida imo katika programu hiyo au katika faili lililofunguliwa.

Yafaa ikumbukwe kuwa dalili moja yaweza kuwa na vyanzo viwili, na mashine moja yaweza kuwa na hitilafu mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu dalili peke yake haitoshi, na ndiyo sababu twahitaji daftari.

Mfano: mwalimu wa Kiberege

Ili maelezo yasibaki hewani, tuchukue mfano wa mwalimu tuliyemtunga kwa ajili ya somo hili. Mwalimu huyu anaishi Kiberege, katika bonde la Kilombero, kandokando ya barabara itokayo Mikumi na Kidatu kwenda Ifakara. Ana kompyuta ya mezani nyumbani. Tangu mwezi Mei, mavuno ya mpunga yalipoanza, kompyuta hiyo imekuwa ikizimika. Ameipeleka Ifakara kwa fundi, naye akafuta kila kitu na kuweka Windows upya, kazi ambayo vijana huiita "kupiga windo". Pale kwa fundi mashine ilifanya kazi siku mbili bila tatizo. Iliporudi Kiberege ilizimika kesho yake. Nyumbani wameshakata shauri kwamba mwenye makosa ni mtoto wa darasa la tano, kwa sababu ya michezo yake.

Kabla ya kuendelea, mwanachuo na ajiulize: habari iliyo muhimu kuliko zote hapo ni ipi? Kwa maoni yetu, ni kwamba mashine ile ile, ikiwa na programu zile zile, ilipona Ifakara na kuugua Kiberege. Kama chanzo kingekuwa virusi, wangesafiri pamoja na mashine. Na isitoshe, kila kitu kilikuwa kimefutwa. Kwa hiyo mchunguzi hana budi kuuliza ni nini kilichopo Kiberege ambacho hakikuwapo kwa fundi.

Likizo ya Juni ilipoanza, mwalimu wetu alinunua daftari la kurasa 40 na kuandika kwa wiki moja, bila kurekebisha chochote. Hivi ndivyo alivyoandika:

Jumatatu. Saa 4:10 asubuhi ilizimika ghafla. Nilikuwa naandika azimio la kazi. Taa ya chumbani ilififia. Saa 9:20 alasiri ilizimika tena vivyo hivyo.

Jumanne. Saa 3:55 asubuhi ilizimika. Hakuna aliyekuwa akiitumia.

Jumatano. Haikuzimika kutwa. Mashine ya kukoboa mpunga ya jirani imekatika mkanda, haikufanya kazi.

Alhamisi. Mkanda umepatikana. Saa 4:05 asubuhi ilizimika. Saa 8:40 mchana iliganda; mtoto alikuwa akicheza mchezo wa magari; feni ilikuwa ikivuma sana.

Ijumaa. Saa 4:30 asubuhi ilizimika, nilikuwa nasoma.

Jumamosi. Saa 8:15 mchana iliganda. Mtoto alikuwa akicheza. Saa 10:05 jioni ilizimika, mtoto hakuwapo.

Jumapili. Mashine ya kukoboa imefungwa. Haikuzimika. Saa 9 alasiri iliganda nilipokuwa nikitazama video kwa nusu saa.

Kulisoma daftari

Daftari lina matukio tisa. Jambo la kwanza ni kuyatenga kwa dalili. Kuzimika ghafla kumetokea mara sita, na kuganda mara tatu. Tusiyachanganye.

Tuangalie kuzimika. Kulitokea kila siku isipokuwa Jumatano na Jumapili. Katika siku hizo mbili mashine ya kukoboa mpunga haikufanya kazi. Zaidi ya hayo, Jumanne kompyuta ilizimika pasipo mtu kuigusa, na Jumatatu taa ya chumbani ilififia papo hapo. Kutokana na hayo twaweza kukisia kwamba mota kubwa ya kukobolea inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa nukta chache, volti za nyumba za jirani hushuka, na pawa saplai ya kompyuta hushindwa kuhimili.

Msomaji aweza kustaajabu kwamba umeme upungue katika bonde lililo karibu na bwawa la Kidatu, ambalo mitambo yake minne ilikamilika mwaka 1980 na ina uwezo wa megawati 204. Kukaa karibu na mtambo si sawa na kupata umeme imara. Umeme wa Kidatu huingia katika njia kuu ya kilovolti 220 na kwenda mbali. Umeme wa nyumbani hufika kwa nyaya ndogo kupitia transfoma ya kijiji. Kadiri nyaya hizo zilivyo ndefu na nyembamba, na kadiri mzigo ulivyo mkubwa, ndivyo volti zinavyopungua zinapofikia nyumba ya mwisho.

Sasa tuangalie kuganda. Mara zote tatu kulitokea mchana, kompyuta ikiwa katika kazi nzito ya picha: mchezo mara mbili na video mara moja. Jumapili kulitokea ingawa mashine ya kukoboa ilikuwa imefungwa, kwa hiyo chanzo chake si kile cha kwanza. Saa za joto, kazi nzito na feni inayovuma vyatuelekeza kwenye joto la ndani.

Na mtoto? Katika matukio tisa alikuwapo mara mbili tu, na katika mara hizo alikuwa akifanya kazi nzito kama ile aliyoifanya mwalimu mwenyewe siku ya Jumapili. Daftari limemwachilia. Tunaomba mwanachuo alitafakari jambo hili kwa makini, maana bila maandishi yale mtoto angeendelea kulaumiwa, na kompyuta ingeendelea kuzimika.

Kuyajaribu makisio

Kisio si jawabu. Hapana budi lijaribiwe, na jaribio halali ni lile linalobadili jambo moja tu na kuyaacha mengine yote kama yalivyokuwa.

Kwa kuzimika, mwalimu wetu alimwomba fundi umeme wa kijijini apime volti katika soketi. Umeme wa nyumbani nchini Tanzania wapaswa kuwa volti 230. Mashine ya kukoboa ikiwa imesimama, mita ilionyesha 221. Ilipoanza, ilionyesha 168. Upungufu kutoka 230 ni volti 62, yaani zaidi ya robo. Kisha akaazima stabilaiza kwa jirani, akaitumia siku tatu, wala hakugusa kitu kingine. Kompyuta haikuzimika. Hapo kisio likawa limepata nguvu.

Kwa kuganda, alichomoa umeme, akafungua ubavu wa kompyuta, akauacha wazi, akaelekeza feni ya mezani ndani, kisha akawasha video ile ile kwa saa ile ile. Safari hii ilikwenda saa nzima bila kuganda. Alipochungulia kwenye feni ya ndani aliona vumbi na makapi laini ya mpunga yameziba mapezi ya chuma yanayopoza. Aliyasafisha kwa brashi laini, mashine ikiwa imechomolewa, huku akiishika feni kwa kidole isizunguke. Kisha akafunga ubavu na kulirudia jaribio, ili ajue kama ni usafi ulioponya au ni ule upepo wa feni ya mezani.

Je, asubiri muda gani kabla ya kusema hitilafu imekwisha? Kipimo ni hitilafu yenyewe. Iliyokuwa ikitokea mara mbili kwa siku, siku tatu za utulivu ni ushahidi mzuri. Iliyokuwa ikitokea mara moja kwa wiki, siku tatu si kitu. Hapana budi zipite wiki kadhaa. Watu wengi husherehekea mapema.

Tuongeze neno kuhusu tiba ya umeme. Stabilaiza huinua volti zilizopungua, lakini umeme ukikatika kabisa haisaidii. Betri ya akiba ya kompyuta hushikilia dakika chache, zinazotosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Asiye na uwezo wa kununua chochote anaweza kupanga kazi zake katika saa ambazo mashine ya kukoboa imepumzika. Tiba hiyo haina gharama, na imetoka katika daftari. Kadhalika, yafaa ofisi ya umeme ipewe taarifa ikiwa na saa na vipimo. Lalamiko lenye tarehe na tarakimu husikilizwa kuliko manung'uniko.

Vyanzo vingine na namna ya kuvijaribu

Si kila mashine inaugua ugonjwa wa mfano wetu. Tunavitaja hapa vyanzo vingine vinavyoonekana mara kwa mara.

Kumbukumbu. Maandishi ya hitilafu yakija na nambari tofauti tofauti, katika programu tofauti tofauti, bila mpango, shuku vipande vya kumbukumbu. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mfumo wenyewe una chombo cha kuvipima. Kama kuna vipande viwili, toa kimoja, tumia mashine siku kadhaa, kisha badilishana. Kutu au unyevu kwenye miguso waweza kuleta hitilafu hii, nasi twajua unyevu wa masika ya Kilombero. Wakati mwingine kukichomoa kipande na kukirudisha vizuri kwatosha.

Diski. Mashine ikiwa nzito kufungua mafaili, ikiganda kwa dakika nzima, au diski ikitoa mlio wa kugonga, usianze kuchunguza. Anza kunakili kazi zako mahali pengine. Diski inayokufa haingojei.

Programu na masasisho. Hitilafu ikianza mara tu baada ya programu mpya kuwekwa au mfumo kusasishwa, swali la kwanza ni: "Nini kilibadilika mwisho?" Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Nyingi ziliwaka, zikaanguka, zikawaka tena na kuanguka, bila kikomo. Tiba ilikuwa kuiwasha mashine katika hali salama, ambamo mfumo hupakia vile vya lazima tu, kisha kulifuta faili moja. Hakuna kipuri kilichohitajika. Mashine ikitulia katika hali salama na kuanguka katika hali ya kawaida, chanzo aghalabu ni programu.

Virusi. Hawa hulaumiwa kuliko wanavyostahili. Wapo, na fleshi inayozunguka madukani ya kuchapisha huwabeba; lakini virusi hawajui kwamba Jumapili mashine ya kukoboa hufungwa.

Windows yenyewe hutunza daftari lake la matukio. Humo tukio nambari 41 hueleza kuwa mashine iliwaka upya bila kuzimwa kwa utaratibu. Mchunguzi aweza kulinganisha saa zilizomo na zile za daftari lake. Daftari la mashine lajua saa, lakini halijui kwamba taa ya chumbani ilififia. Kwa hiyo yote mawili yanahitajika.

Kuufundisha utafutaji huu bila kompyuta

Shule nyingi hazina kompyuta ya kuchezea. Hata hivyo njia tuliyoieleza ni njia ya sayansi, na yaweza kufundishwa kwa tochi. Tunapendekeza kipindi kimoja cha dakika 40 kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi.

Shabaha: Mwanafunzi aweze kutafuta chanzo cha hitilafu kwa kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kuandika matokeo.

Vifaa: Kwa kila kikundi, betri mbili, balbu ndogo ya tochi, nyaya, ubao mdogo wa kufungia na daftari. Mwalimu aviunge mapema, na kila kikundi akiwekee hitilafu moja: betri iliyokwisha, betri iliyogeuzwa, balbu iliyoungua, kipande cha karatasi kati ya betri na mguso, au waya uliolegea. Kuwe pia na kifaa kimoja kizima cha kulinganishia.

Utangulizi (dakika 5): Mwalimu awashe kifaa kizima, kisha kile kibovu. Aulize: "Sababu zaweza kuwa zipi?" Aandike majibu yote ubaoni bila kukataa hata moja.

Makisio (dakika 5): Kila kikundi kichague sababu moja na kuandika watakalobadili na matokeo wanayoyatazamia.

Majaribio (dakika 15): Wabadili kitu kimoja tu. Taa isipowaka, wakirudishe kitu hicho mahali pake kabla ya kujaribu kingine. Kila jaribio liandikwe, hata lisilofaulu.

Majadiliano (dakika 10): Vikundi vieleze njia vilizopita. Kikundi chenye waya uliolegea kipewe nafasi ya mwisho, kwa kuwa taa yao huwaka na kuzima bila mpango unaoonekana. Mwalimu aulize: "Huzima wakati gani? Mnapoinua? Mnapotikisa?" Hapo ndipo darasa litakapoelewa maana ya hitilafu inayojirudia.

Hitimisho la kipindi (dakika 5): Mwalimu aulize, "Kama mngebadili betri na balbu kwa pamoja, mngejuaje kilichoharibika?" Asitoe jibu haraka.

Tahadhari

Mambo manne hayana mjadala. Kazi muhimu inakiliwe mahali pengine kabla ya jaribio lolote. Mashine ichomolewe kwenye umeme kabla ya kufunguliwa. Pawa saplai isifunguliwe kamwe na asiye fundi, kwani sehemu zake za ndani huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa. Na wanafunzi wafanye majaribio kwa betri za tochi tu, wala si kwa umeme wa ukutani.

Hitimisho

Tumeona kwamba kompyuta inayozimika kila siku yatoa ushahidi kila siku, na kwamba ushahidi huo hupotea usipoandikwa. Fundi mwenyewe atanufaika akiletewa daftari badala ya neno "imekufa", na mwenye mashine hatalipia kipuri asichokihitaji. Mwalimu aliyezoea kuuliza "lini, wapi, na nini kilibadilika" kabla ya kuuliza "nani" atafanya hivyo pia kalamu itakapopotea darasani, au hesabu ya mwanafunzi itakapokosewa kwa namna ile ile wiki baada ya wiki. Maana kosa linalojirudia katika daftari la mtoto nalo lina chanzo, na hutafutwa kwa njia hii hii.

Maswali na kazi kwa wanachuo

1. Katika daftari la mwalimu wa Kiberege, ni tukio lipi moja linalodhoofisha zaidi kisio kwamba michezo ndiyo inayoizima kompyuta? Eleza sababu.

2. Tuseme Jumatano mashine ya kukoboa ilisimama, lakini kompyuta ikazimika mara moja. Je, kisio la umeme limekufa? Ungeandika nini, na ungejaribu nini baadaye?

3. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 184, upungufu ni asilimia ngapi?

4. Fundi amebadili kumbukumbu, ameweka Windows upya na kusafisha feni kwa siku moja, na mashine imepona. Orodhesha mambo tunayoyajua na tusiyoyajua baada ya tiba hiyo.

5. Chagua chombo chochote kinachosumbua chuoni au nyumbani: redio, pampu ya maji, baiskeli. Kiandikie daftari kwa siku saba bila kukirekebisha, kisha uandike makisio mawili na jaribio moja kwa kila kisio.